Tumeigiza miaka yote hii, daftari liko wapi?

Katika mkutano mmoja wa kukusanya maoni ya bajeti hapa wadi ya Tezo, vijana wa kundi la maigizo walisimama wakaomba ukumbi. Afisa aliyekuwa akiandika akawauliza maswali matatu: mmeonyesha michezo gani, mmeionyesha wapi, na kwa mwaka mnatazamwa na watu wangapi? Msemaji wao akajibu, "Michezo mingi, shule nyingi." Afisa akaandika maneno mawili matatu, akamgeukia mzee aliyetaka kalvati. Mzee yule alikuja na majibu yote. Alijua maji hupanda kiasi gani wakati wa masika, ni nyumba ngapi hukatiwa njia, na ni mwaka gani mgonjwa alibebwa begani kuvushwa. Nilikuwa nimekaa nyuma, na nilijua ni ombi gani litafika Kilifi mjini likiwa hai.

Swali la afisa halikuwa la kejeli. Yeyote mwenye kugawa pesa za umma angeliuliza. Na jibu lipo, ila limetawanyika: nusu liko kichwani mwa kijana ambaye siku hizi anaendesha bodaboda Mtondia, robo kwa mwalimu aliyehamishwa, robo katika simu iliyoanguka baharini. Pwani yetu imekuwa na tamthilia ya kulipwa kwa miaka mingi. Haina kumbukumbu ya tamthilia hiyo, na kwa sababu nitakazoeleza, miezi iliyobaki kabla ya mwisho wa 2027 ndiyo ya kuitengeneza.

Tukisema tamthilia ya kulipwa, wengi hufikiria Nairobi, kumbi zenye viti vya kukunjwa na tiketi za Ijumaa usiku. Huku kwetu, kutoka Mtwapa hadi Malindi, maigizo yaliyolisha watu kwa muda mrefu zaidi ni ya vitabu teule, setibuku kama vijana wanavyoziita. Tamthilia ikiteuliwa kutahiniwa katika KCSE, makundi huanza kazi. Hununuliwa nakala mbili tatu, wahusika hugawanywa, mazoezi hufanywa chini ya mwembe au katika darasa la shule ya msingi siku za Jumamosi. Kisha yule mwenye ulimi mtamu kati yao huenda shule hadi shule kuonana na mkuu wa idara ya Kiswahili. Wakikubaliana kila mwanafunzi atatoa kiasi gani, siku hupangwa.

Siku yenyewe ni kazi ya sulubu. Alfajiri matatu ya kukodi inapakiwa sanduku la leso, kanzu, mabuibui, bakora, kofia ya kiongozi na spika moja ambayo kila mara hukataa kuwaka. Wanaigiza bwaloni, meza zikiwa zimesukumwa ukutani na wapishi wakichungulia dirishani. Pazia hakuna, taa hakuna. Watu kumi hucheza nafasi ishirini, na anayekufa katika onyesho la pili hurudi katika onyesho la nne akiwa polisi. Mchana wako shule nyingine. Msimu ukiwa mzuri, muhula wa pili na mwanzo wa muhula wa tatu, jioni wanacheza mara ya tatu katika shule ya bweni, sauti zimekauka. Pesa zikihesabiwa, kwanza hutoka gari na mafuta, kisha chakula, kisha deni la nguo. Kinachobaki hugawanywa. Haba, lakini ni mshahara wa kuigiza, na wapo waliolipa karo ya wadogo zao nao.

Anayedhani hii ni kazi ya kukariri kitabu hajaketi bwaloni. Kigogo cha Pauline Kea kilitahiniwa tangu 2018 hadi 2022, na kila kundi la huku lilikuwa na Kigogo chake. Ndani ya kitabu kuna Mangweni, mahali Mamapima anapouzia pombe. Mwanafunzi wa bara lazima aelezwe mangweni ni nini. Mwanafunzi wa Tezo amepita mangweni akienda shule. Kwa hiyo waigizaji wetu hawakuhitaji kueleza. Mamapima alitoka na kata ya mnazi, akakaa vile wanavyokaa wauza mnazi wetu, akasema neno moja la Kigiriama ambalo halimo kitabuni, na bwalo zima likaanguka. Mwalimu akakunja uso kwa sababu neno hilo halitatahiniwa, halafu naye akacheka. Na Majoka, mtawala wa Sagamoyo, katika kundi moja alipewa mwendo wa mwanasiasa wa huku ambaye kila mtu alimtambua na hakuna aliyethubutu kumtaja.

Ilipokuja Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, iliyoanza kutahiniwa 2023, kazi ikabadilika. Huo ni mchezo wa nyumbani: Sara anaumwa, Yona mumewe ana historia ya ulevi na mkono mwepesi, binti yao Neema anatafuta pesa za matibabu. Hakuna maandamano ya kupiga kelele. Makundi yaliyozoea kupata vicheko kwa Kigogo yalihangaika mwaka mzima kujifunza kunyamaza jukwaani. Mengine hayakuweza, yakageuza Yona kuwa kichekesho, nami naona waliukosea mchezo. Mengine yaliweza. Niliona wasichana wa kidato cha tatu wakilia kwa sauti, na wengine wawili wakitoka nje.

Haya ninayoyaeleza ndiyo historia ya maonyesho: mchezo mmoja, watu wa mahali fulani, mwaka fulani, jinsi walivyoucheza na jinsi ulivyopokelewa. Sehemu nyingine watu huandika.

Chukua Nairobi ya walowezi. Donovan Maule na mkewe Mollie walianzisha tamthilia yao ya kulipwa mwaka 1948. Walikuwa Waingereza, waigizaji wao wengi wakitoka Uingereza, na watazamaji wao walikuwa wazungu wa mjini na wa mashambani. Jumba hilo halipo tena. Lakini binti yao Annabel, ambaye naye aliigiza pale, aliandika kitabu kizima, Theatre Near the Equator. Mtafiti anayetaka kujua walowezi walicheka nini wakati nchi inawaka moto ana pa kuanzia. Anayetaka kujua watoto wa Roka na Matsangoni walicheka nini mwaka 2019 hana.

Mombasa nako tulirithi Little Theatre Club. Ilianza kama klabu ya wazungu wapenda maigizo, na baada ya uhuru ikawa chuo kisicho na cheti kwa vizazi vya waigizaji wa Pwani. Wengi wa marika yangu waliopata kazi redioni na kwenye runinga watakwambia walianza kukanyaga mbao pale. Ukiwauliza wawili wao ni michezo gani ilichezwa pale mwaka 1995, mmoja atakutajia mitatu, mwenzake atakutajia mitatu mingine, kisha watabishana hadi kahawa ipoe. Ubishi mtamu, lakini huwezi kuupeleka mbele ya kamati ya bajeti.

Kinachochekesha, kama si kuliza, ni kwamba walioandika kwa bidii habari za maigizo ya nchi hii mara nyingi ni wale waliotaka yakome. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alizunguka vijiji vya Wagiriama akicheza kifudu, ngoma ya mazishi, na watu wakimfuata. Sijui umwite nini mtu anayekusanya umati, anayecheza, anayezungumza, na watu wakaondoka wameapa kutowapa Waingereza vibarua wala kodi. Mimi namwita mwigizaji mkuu wa kwanza wa wilaya hii ambaye jina lake tunalijua. Masimulizi yanasema alimletea afisa Arthur Champion kuku na vifaranga, akamwambia ajaribu kuchukua kifaranga kimoja aone mama yake atafanya nini. Hilo ni onyesho kamili: vifaa viwili, sentensi moja, na umati. Wazee wetu walilihifadhi kwa mdomo. Lakini tarehe na majina ya mahali, mengi tumeyapata katika barua na ripoti za maafisa waliokuwa wakilalamika kumhusu.

Ikaendelea hivyo. Kwa miaka mingi, chini ya Sura 222 ya sheria za Kenya, sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, kundi lililotaka kuigiza hadharani lilihitaji leseni ya serikali. Kule Kamirithu, Limuru, mchezo wa Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii ulinyang'anywa leseni Novemba 1977. Ngugi wa Thiong'o akakamatwa tarehe 31 Desemba mwaka huo. Machi 1982 polisi wakaja wakabomoa jukwaa ambalo wanakijiji walilijenga kwa mikono yao. Tunajua tarehe zote hizo kwa sababu dola iliingilia. Alamin Mazrui, mwana wa Mombasa, alichapisha Kilio cha Haki mwaka 1981, tamthilia ya wafanyakazi wa shambani wakiongozwa na mwanamke aitwaye Lanina. Mwaka uliofuata akawekwa kizuizini. Kila anayesoma fasihi ya Kiswahili anaujua mwaka huo.

Na tusiseme hayo ni ya kale. Aprili 2025, kwenye tamasha la taifa la drama mjini Nakuru, wasichana wa Butere walikuja na Echoes of War, mchezo ulioandikwa na Cleophas Malala. Mwandishi akakamatwa, vitoa machozi vikarushwa, na tarehe 10 wasichana wakaimba wimbo wa taifa wakatoka bila kuigiza. Nchi nzima ikajua jina la mchezo wa shule moja. Tamasha hilo limekuwapo tangu 1959. Michezo mingine yote ya wiki ile, ikiwemo ya shule za Pwani zilizosafiri usiku kucha kufika Nakuru, ilichezwa salama, ikapigiwa makofi, ikasahaulika. Yaani ili mchezo wako ukumbukwe Kenya, ni lazima kwanza upigwe marufuku. Huu ni utaratibu mbovu wa kuhifadhi sanaa, na sisi wenyewe ndio tumeuachia serikali.

Wenzetu wa Tanzania walibahatika kwa njia nyingine. Chuo cha sanaa Bagamoyo, kilichoanza 1981 na leo ni TaSUBa, pamoja na idara ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vilitoa watu wanaoandika. Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba walikuwa wakiigiza na kutunga, na papo hapo wakieleza kwa maandishi kazi hiyo ilifanywaje vijijini. Makundi ya mjini kama Muungano na TOT, yaliyokuwa yakichanganya ngoma, taarabu, sarakasi, vichekesho na mchezo wa kuigiza katika usiku mmoja, yalipata hata mtafiti kutoka Marekani, Laura Edmondson, aliyechapisha kitabu mwaka 2007. Unaweza kubishana naye, lakini una kitu cha kubishana nacho. Hata Makerere, wanafunzi walipoanza tamthilia ya kusafiri mwaka 1965 na kuzunguka Uganda na Kenya na michezo ya lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo, mwalimu wao David Cook aliandika habari zake katika jarida la Transition mwaka uliofuata. Makundi yetu ya setibuku yanafanya kazi ileile, barabara mbaya vilevile, na hayana hata ukurasa.

Kuna wakati huku tulikuwa na maandishi mengi, nao ni wakati wa wafadhili. Miaka ya Ukimwi, hasa mwanzoni mwa miaka ya 2000, mashirika yalilipa makundi kuigiza sokoni, kwenye steji za matatu na viwanja vya kanisa. Mchezo ulisimamishwa katikati, watazamaji wakaulizwa mhusika afanye nini, na mara nyingine mtazamaji akapanda mwenyewe akaonyesha. Ilikuwa tamthilia hodari, na iliwalea waigizaji wazuri. Kila onyesho lilikuwa na fomu: wanaume wangapi, wanawake wangapi, vijana wangapi, kondomu ngapi zimegawiwa. Fomu zikaenda Nairobi, labda zikavuka bahari. Hazikuwa na nafasi ya jina la mchezo wala ya jina la aliyecheza. Mradi ulipokwisha, hesabu ya watazamaji ilibaki kwa mfadhili, na kundi likabaki na fulana.

Nije kwenye hiyo 2027.

Januari mwaka huu wa 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya wameingia Gredi ya 10, sekondari pevu. Wanaomaliza mfumo wa 8-4-4 watafanya KCSE yao ya mwisho 2027. Makundi ya Kilifi na Malindi yamejengwa juu ya mtihani huo. Gari, nguo, ratiba, hata urafiki na walimu, vyote vinategemea kwamba kila kidato cha nne kitatahiniwa tamthilia ileile katika kila shule. Mtaala mpya una mikondo mitatu, na mmoja wake ni wa sanaa na michezo, wenye somo la sanaa ya jukwaa na filamu. Ukisikiliza haraka utadhani ni neema tupu. Lakini mwanafunzi sasa anachagua mkondo. Bwalo lililokuwa na wanafunzi mia mbili wanaolazimika kuujua mchezo linaweza kubaki na thelathini wanaoupenda. Kwa upande mwingine, shule itakayofundisha somo hilo itahitaji watu wanaojua jukwaa, na walimu wa somo hilo huku si wengi. Hapo ndipo mwigizaji wa Tezo mwenye miaka kumi bwaloni angeingia kama mkufunzi. Ataingia na nini mkononi? Mwalimu mkuu atamuuliza maswali yaleyale ya afisa wa bajeti.

La pili ni mpango wa maendeleo wa kaunti. Huu tulio nao ni wa 2023 hadi 2027. Ujao utaandikwa kwa ajili ya miaka mitano mingine, na kisichoingia humo ni shida kukitafutia pesa baadaye. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti jukumu la utamaduni na burudani ya umma. Lisome kwa makini, ndugu msomaji. Kamari imetajwa, tena kwanza kabisa. Leseni za pombe zimetajwa. Sinema imetajwa, hata maonyesho ya video na ukodishaji wake, maktaba, makavazi na michezo. Tamthilia haikutajwa kwa jina. Imejificha ndani ya shughuli za utamaduni na vifaa vyake, na kitu kisichotajwa kwa jina hukumbukwa pale tu wenyewe wanapokuja na ushahidi. Timu za soka zinao: ligi ina ratiba, matokeo, jedwali. Ndiyo maana uwanja hujengwa kabla ya ukumbi. Sina ugomvi na soka.

Sasa, mbona makundi hayaandiki? Nimewauliza, na jibu si uvivu. Kuna hofu mbili.

Ya kwanza ni haki za mwandishi. Kisheria, kuigiza tamthilia ya mtu hadharani kwa malipo kunahitaji idhini yake, na makundi mengi hayajawahi kuiomba. Kuandika kwamba mwaka fulani tulicheza kitabu fulani shule arobaini ni sawa na kujiandikia hati ya mashtaka. Hofu hiyo ina msingi, siwezi kuipuuza. Ila naiona imegeuka kisingizio cha kubaki gizani. Mtunzi anajua vizuri kwamba anachezwa nchi nzima. Asichojua ni nani wa kuzungumza naye. Makundi yakikaa pamoja, yakamwendea mchapishaji na fungu dogo la kila onyesho, naamini wengi watakubali kuliko kushtaki watu wasio na kitu. Na mazungumzo hayo hayawezi kuanza bila hesabu.

Ya pili inahusu wanawake, na ni nzito zaidi. Binti wa Kiislamu au wa familia ya kanisa kali aliyeigiza mke wa mlevi mbele ya shule nzima mwaka 2018, leo ameolewa Malindi au yuko kazini Ghuba. Wengine walitumia majina ya bandia ili habari zisifike nyumbani. Kuna makundi ambayo kwa miaka kadhaa wavulana walivaa leso wakacheza wanawake, kwa sababu hakuna mzazi aliyemtoa binti yake. Daftari likiandikwa kiholela linaweza kumletea mtu maneno. Hapo sina ubishi: jina la mtu liandikwe kwa ridhaa yake, na asiyetaka aandikwe kwa jina la mhusika aliyemcheza. Lakini kumfuta kabisa ni kumdhulumu mara ya pili, maana mara nyingi yeye ndiye aliyebeba mchezo.

Kazi yenyewe si ya kutisha. Haihitaji semina ya hotelini Watamu. Kila onyesho ni mstari mmoja: tarehe, shule au kiwanja, mchezo, nani alikuwa nani, watazamaji wangapi kwa hesabu ya tiketi na si kwa macho, mlilipwa kiasi gani, na jambo moja lililotokea. Hilo la mwisho nalisisitiza, kwa sababu bila hilo tutakuwa tumerudia fomu za wafadhili. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi mjini, na hufundisha Kiswahili. Wanafunzi wake wanaotafuta mada za utafiti wangeweza kukusanya haya kwa mahojiano katika likizo mbili. Taasisi ya utafiti wa Waswahili iliyo chini ya Makavazi ya Taifa, RISSEA, iko Mombasa na ingeweza kutunza nakala. Wala tusitie chumvi. Kundi likisema lilitazamwa na watu laki moja, kamati itacheka. Kundi likionyesha maonyesho thelathini na saba yenye saini ya mwalimu, kamati italazimika kufungua kalamu.

Wapo watakaosema zama za jukwaa zimepita, kazi iko kwenye runinga na simu. Kweli Sultana, iliyoanza Citizen TV mwaka 2022, iliingiza mandhari na Kiswahili cha Pwani katika sebule za nchi nzima. Lakini mwigizaji wa kamera hatoki hewani. Anayeweza kusema maneno ya kurasa tano bila kukosea, mbele ya vijana mia mbili wenye njaa, amefunzwa mahali. Watengenezaji wa filamu wakija huku kusaka sura, wanavuna walichopanda watu wa bwaloni. Hata hilo hatuwezi kulithibitisha, maana hatujaandika nani alianzia wapi.

Kabla ya tarehe 30 Aprili makadirio ya bajeti yanapaswa kuwa mbele ya bunge la kaunti, na kila mwaka itakuwa hivyo. Kwa mwaka huu tumechelewa. Ndiyo maana mimi nimenunua daftari la kurasa mia mbili, nikaanza na Kigogo, kwa sababu wengi waliokicheza bado wako karibu: mmoja anauza simu Kibaoni, mmoja ni mwalimu wa chekechea, wawili wako Mombasa. Aliye na barua ya shule, kijitabu cha risiti, tangazo lililobandikwa ukutani au picha ya kikundi wakiwa wamevaa nguo za mchezo, anitafute Tezo, nitanakili mbele yake nimrudishie papo hapo. Mstari wa kwanza ni wa muhula wa pili 2018, shule ya wasichana, maonyesho mawili siku moja. Mamapima alikuwa mvulana aliyevaa leso ya nyanyake, na spika ilizimika kabla ya Majoka kuingia. Aliyecheza Tunu bado sijampata.